Mstari Una Nyayo: Namna ya Kusahihisha Mazoezi ya Mwanzo ya Kuchora

Binti wa jirani yangu, mwenye miaka 14, alikuja juzi baada ya sala ya laasiri na kurasa 11 alizozikunja ndani ya daftari la hesabu. Aliziweka juu ya baraza, akaketi kando huku akiuvutavuta mtandio wake. Kabla sijafungua ukurasa wa kwanza akaniwahi: "Maalim, najua mabaya."

Hayakuwa mabaya. Yalikuwa mazoezi ya wiki mbili, yale yale wanayoanza nayo wote: mistari, maduaradufu (maduara yaliyofinywa), masanduku. Ila mkono wake ulikuwa unafanya mambo asiyoyaona, na kazi yangu ilikuwa kumwonesha. Namna ninavyofanya nimeiandika hapa chini kwa yeyote anayeletewa kurasa kama zile: mwalimu wa skuli aliyebebeshwa somo la sanaa, fundi mwenye mwanagenzi, dada mkubwa nyumbani, au mtu anayejifunza peke yake ambaye hana budi kujisahihisha.

Mimi ni mchora nakshi. Nawachorea mafundi wa milango hapa Mji Mkongwe, Zanzibar. Penseli ni yangu, patasi ni yao. Mstari nikiupinda, fundi ataukata ulivyopinda, na mti hauna raba. Lakini wakati najifunza, mwalimu wangu wa mwanzo alikuwa na peni nyekundu na neno moja tu: "Rudia." Nikarudia. Nikarudia kosa lile lile ukurasa kwa ukurasa mpaka likakomaa mkononi, maana hakuna aliyenambia kosa lenyewe ni lipi. Baadaye sana ndipo nikaja kujua kwamba nilikuwa nachora kwa kifundo cha mkono badala ya bega. Jambo la dakika 5 kulieleza.

Basi ushike hili kabla ya hatua yoyote: usiutazame mstari kwa uzuri wake, usome jinsi mkono ulivyopita. Mtu wa pwani maji yakishakupwa huangalia nyayo mchangani akajua huyu alikimbia, huyu alichechemea, huyu alibeba mzigo. Mstari nao ni hivyo.

Hatua ya kwanza: uliza kabla ya kutazama

Kuna maswali manne nauliza kila mara. Ulichora kwa kalamu gani? Uliketi wapi? Ukurasa mmoja ulikuchukua muda gani? Uligeuza karatasi ulipokuwa unachora, au ilikaa vile vile?

Swali la pili ndilo linaloibua mengi. Watoto wetu wengi huchora wamelala kifudifudi juu ya mkeka, viwiko vimekita chini. Mkono wa namna hiyo hauwezi kusogea. Kinachobaki kusogea ni vidole na kifundo. Mistari yote itatoka mifupi au imepinda kama upinde, na wewe utaanza kumlaumu mtoto kwa kosa la mkeka. Kama nyumbani hakuna meza, kipande cha plaiwudi juu ya mapaja kinatosha, mgongo ukiwa umeegemea ukuta na kiwiko kiko hewani.

Kuhusu kalamu, nataka peni ya wino. Ya kawaida ya skuli inafaa, ila ukipata ya ncha laini ya milimita 0.5 ni bora, kwa sababu wino wake hutoka sawasawa hata ukipita haraka. Penseli ina raba, na raba hufuta ushahidi. Anayejua kuwa hataweza kufuta hufikiri kabla ya kuweka ncha, na asipofikiri, alama inabaki ukaione. Karatasi ni A4 ya kawaida ya fotokopi. Msimu wa masika karatasi zetu hunywa unyevu, zikavimba na kujikunja pembeni, na kalamu hukwama. Ziwekwe ndani ya faili la plastiki, zitolewe tatu tatu.

Ikiwa kurasa zinakuja kwa picha ya simu, zikatae zilizopigwa kwa upande. Picha ya upande hufinya duara na kuifanya mistari sambamba ikaribiane, nawe utasahihisha makosa ya kamera. Karatasi iwekwe sakafuni karibu na mlango penye mwanga, simu ishikwe juu yake ikiwa bapa, pembe zote nne za karatasi zionekane.

Hatua ya pili: tandaza zote, mikono mfukoni

Zipange kwa tarehe, ya kwanza kushoto, uziangalie kwa pamoja ukiwa umesimama. Usishike kalamu bado. Ukishika kalamu mapema utaanza na kosa la kwanza uliloliona, na mara nyingi hilo silo kubwa.

Unatafuta kinachojirudia. Mstari mmoja kati ya 20 ukiyumba, hiyo ni ajali. Labda paka alipita, labda aliitwa dukani. Mistari 15 kati ya 20 ikiyumba namna moja, hiyo ni tabia, na tabia ndiyo inayosahihishwa. Linganisha pia ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Mara nyingi mwanafunzi keshapiga hatua mwenyewe bila kujua, na hilo utamwambia baadaye.

Hatua ya tatu: isome mistari

Hapa kaa sana. Matatizo mengi ya masanduku na maduaradufu huwa yameanzia kwenye mistari.

Zoezi la kwanza ni la mistari juu ya mstari: unapiga mmoja kwa rula, kisha unaupitia kwa mkono mtupu mara 8, ukianza kila mara pale pale. Zoezi la pili ni la nukta mbili: unaweka nukta, unapitisha mkono hewani mara mbili tatu bila kugusa karatasi, halafu unachora kwa pumzi moja. Haya ndiyo ya kuangalia.

Mwanzo wa mistari. Mistari 8 iliyoanza pamoja inafanana na kamba iliyofungwa vizuri upande mmoja. Ikiwa imefumuka mwanzoni, nyuzi zimetawanyika kabla hata safari haijaanza, basi alikuwa na haraka ya kuweka ncha. Dawa ni ndogo: weka ncha, tulia, hesabu moja, ndipo uende. Ikifumuka mwishoni pekee, mwache. Hiyo ni kawaida kwa wiki za mwanzo na hupungua yenyewe. Ikifumuka pande zote mbili, shughulikia ule wa mwanzo tu.

Mtetemeko. Mstari uliojaa mawimbi madogo unaonesha mtu aliyekwenda polepole, jicho likiuongoza mkono kila milimita. Alitaka kuwa sahihi, akapoteza ulaini. Mwambie aongeze kasi hata kama atakosa nukta. Wengi hukuangalia kama umewapoteza, kwa sababu skuli imewafundisha kwamba taratibu ndiyo nadhifu. Kwa utaratibu wangu ulaini unatangulia, unyoofu unafuata, kufika penye nukta ni mwisho. Mstari laini uliokosa nukta kwa milimita 3 naupokea kwa mikono miwili. Mstari uliotetemeka hadi ukaigusa nukta barabara naurudisha.

Mkia uliopinda. Mstari unakwenda vizuri, ukikaribia nukta unajikunja ghafla kama ndoana. Katikati ya safari aligundua anakosea, akaamua kurekebisha. Mwambie asirekebishe. Mstari ukishaondoka umeondoka. Uache upite pembeni ya nukta, afadhali ajue kakosea kiasi gani. Kuupitia mara ya pili ili kuuficha nako ni hivyo hivyo. Mstari mmoja mbovu unaonekana kidogo, mistari mitatu juu yake inaonekana toka ng'ambo ya barabara.

Upinde. Hili ndilo lililokuwa la yule binti, na ndilo lililokuwa langu. Mkono unaozungukia kifundo huchora tao, kama mlango unavyokwenda kwa bawaba. Kadiri bawaba ilivyo mbali na ncha ya kalamu, ndivyo tao linavyolala. Chukua rula ujionee: kutoka kifundo hadi ncha ni kama sentimita 15. Mstari wa sentimita 15 ukichorwa kwa kuzungusha kifundo peke yake, katikati utavimba karibu sentimita 2. Mstari ule ule ukizungushwa kutoka begani, ambako ni kama sentimita 60, uvimbe ni karibu nusu sentimita, na hiyo nusu kiwiko huimeza chenyewe kikikunjuka njiani.

Ukurasa wake wa 4 ulikuwa na mistari 20 ya nukta mbili. Nilihesabu 13 iliyovimba kwa juu, yote ikiwa ya kulala kushoto kwenda kulia. Iliyopanda kutoka chini kushoto kwenda juu kulia ilikuwa minyoofu kabisa, kama si yake. Kwa hiyo mkono ulikuwa na njia moja ulioizoea, na karatasi haikuwahi kugeuzwa. Nikaigeuza kidogo, kama mtu anavyogeuza sinia ili kipande cha samaki kije upande wake, nikamwambia anyanyue kiwiko na achore mitano. Minne ilinyooka. Akautazama mkono wake, akautazama tena mstari.

"Kumbe ni karatasi?"

Ni karatasi na bega. Katika mazoezi haya karatasi hugeuzwa kila mstari. Ukija kuchora ukutani au kwenye ubao wa mlango usiogeuka, bega litakuwa lishazoea pande zote.

Hatua ya nne: vipande bapa, kwa haraka

Zoezi hili ni la nukta nne zilizounganishwa kuwa umbo la pande nne, kisha mistari miwili ya kukatiza pembe kwa pembe. Usipoteze muda mwingi hapa. Angalia mambo mawili: je, mistari ya ndani imechorwa kwa uangalifu ule ule wa mistari ya nje? Wanaoanza hutuliza mkono kwenye fremu, wakifika ndani wanakwaruza tu. La pili, mwoneshe kwamba pale mistari ya ndani inapokutana ndipo katikati ya umbo, hata umbo likiwa limeegemea kwenda mbali. Atalihitaji siku atakapochora dirisha katikati ya ukuta unaokimbia. Basi.

Hatua ya tano: maduaradufu

Duara likitazamwa kwa upande huwa duaradufu. Huku kwetu huna haja ya kwenda mbali kulitafuta: mdomo wa kikombe cha kahawa, sinia lililowekwa chini, ukingo wa kawa la kufunikia chakula, utosi wa kofia ya viua. Mwanafunzi hupewa safu za visanduku vilivyochorwa kwa rula, avijaze maduaradufu yanayogusa kuta zote nne bila kuzivuka, kila moja akilizunguka mara mbili bila kunyanyua kalamu.

Kosa linalozidi yote ni ncha. Duaradufu linatoka na pembe kali pande mbili, kama jicho au kama samaki asiye na mkia. Anayelichora hivyo analiona kuwa mistari miwili ya kupinda iliyokutana. Mkono hufika mwisho, hupumzika, hurudi. Duaradufu halina mwisho. Halina pembe hata liwe jembamba namna gani, ukingo wake unageuka tu, kwa kasi zaidi pale pembeni. Mwambie azungushe mkono hewani mara tatu nne kabla ya kugusa karatasi, kisha ashushe kalamu huku mkono bado unazunguka. Usimruhusu asimame ndipo achore.

Kosa la pili ni yai, yaani upande mmoja mnene kuliko wa pili. Hili jicho la mwanzo halilioni, lakini kuna jaribio ambalo hata mtoto wa chekechea atalielewa. Chora mstari unaokata duaradufu katikati kwa upande wake mfupi. Kunja karatasi penye mstari huo, uielekeze kwenye mwanga wa dirisha. Nusu mbili zikilalana, duaradufu ni zima. Zisipolalana, utaona kabisa ni upande gani umevimba na kwa kiasi gani. Mimi mstari huo nauita mfaa, kama ule mti wa katikati ya mlango wetu unaogawa pande zake mbili. Pande zote mbili sharti zilingane. Binti alikunja sita. Manne yalivimba kulia, kwa hiyo mkono wake ulikuwa unakwenda taratibu kuteremka na haraka kupanda. Hapo ukurasa mzima ukawa umejieleza.

Idadi ya mizunguko nayo inasema kitu. Aliyezunguka mara moja tu mara nyingi alikuwa na hofu, na mstari wake utakuwa umekakamaa. Aliyezunguka mara tano anaficha. Katika fungu la mistari mitano kuna mmoja mzuri, lakini hata yeye hajui ni upi. Mbili zinatosha, tatu kwa dharura.

Usisahau kuangalia unene wa maduaradufu yakiwa pamoja. Weka kikombe cha kahawa mezani, ukitazame kwa juu kidogo. Mdomo wake uko karibu zaidi na usawa wa jicho lako, kwa hiyo unaonekana mwembamba. Kitako kiko chini zaidi, kwa hiyo duara lake, kama lingeonekana lote, lingekuwa nene zaidi. Karibu kila anayeanza hufanya kinyume: mdomo wa mviringo mpana, chini mstari ulionyooka kama rula, eti kwa sababu meza ni bapa. Ukikiona kikombe cha namna hiyo, usieleze sana. Mpe kikombe chenyewe akinyanyue polepole kutoka mezani mpaka usawa wa macho, aone mdomo unavyofinyika hadi kuwa mstari. Na ukitaka kahawa, wakati ndio huo.

Hatua ya sita: masanduku

Hapa wengi hukata tamaa, na wasahihishaji wengi huandika "hesabu za umbali ni mbovu" wakapita. Hiyo haimsaidii mtu.

Chukua kalamu ya rangi nyingine. Kila sanduku lina mafungu matatu ya mistari, minne minne, ambayo kwenye sanduku la kweli ni sambamba. Refusha kila fungu kwa rula kuelekea upande unaokwenda mbali na mtazamaji. Mistari minne ikiwa inakaribiana na kuelekea kukutana mahali pamoja, fungu hilo limepona. Ikikutana miwili miwili kwenye sehemu mbali mbali, kuna ubavu mmoja uliokwenda peke yake, na rangi itakuonesha ni upi. Ikiwa inaachana kadiri inavyokwenda mbali, sanduku linakua kwa nyuma, na ndiyo maana linaonekana la ajabu bila mtu kujua sababu. Hili la mwisho ndilo kubwa, lisahihishe kabla ya jingine lolote. Mwanafunzi arefushe mwenyewe masanduku mawili mbele yako. Akijua namna ya kujipima hatakuhitaji kwa zoezi hili.

Pembe ya nyuma, ile isiyoonekana, ndiko makosa yote yanakojilimbikiza. Usimlaumu kwa pembe hiyo peke yake. Ikikosana kwa milimita kadhaa ilhali mistari mingine imeelekea pazuri, sanduku ni zuri.

Jambo la usawa wa jicho halieleweki kwa maneno. Nenda naye Forodhani, msimame ukingoni, muangalie pale penye maji matupu kati ya visiwa. Mstari ule ambapo bahari inakutana na mbingu uko usawa wa macho yenu. Mkikaa chini, nao unashuka. Mkipanda juu ya dari ya nyumba, nao unapanda. Mtu wa kimo chako akisimama mbele yako kwenye ardhi ile ile, mstari utapita penye macho yake. Ukiketi utamkata chini zaidi, usawa wa kiuno au pengine chini ya hapo. Kila mstari wa sakafu unaokimbia kwenda mbali hupotelea kwenye usawa huo. Filippo Brunelleschi, msanifu majengo wa Florence, aliwaonesha watu wa mji wake jambo hili kwa picha mbili mwanzoni mwa karne ya 15, naye hakuwa na bahari mlangoni.

Ila usimpeleke kwenye vichochoro vyetu akiwa wiki ya pili. Vitabu humpa mwanafunzi barabara iliyonyooka yenye nukta moja ambako kila kitu kinapotelea. Vichochoro vya Mji Mkongwe vinapinda, ukuta wa kushoto si sambamba na wa kulia, na kila ukuta una nukta yake. Atachora alichokiona, kitakuwa sahihi, halafu mtu mwenye kitabu atamwambia kakosea. Zamani niliwapeleka mbele ya Beit el Ajaib, lile jumba la sultani lililojengwa 1883, kwa sababu ile safu ya nguzo na veranda zake ilikuwa darasa tosha. Tangu sehemu ya jengo ilipoanguka Disemba 2020 tunatumia kibiriti. Kibiriti hakianguki, na ukikiegemeza juu ya kingine unapata pembe yoyote utakayo.

Hatua ya saba: andika maoni

Sasa shika kalamu. Usichore juu ya mstari wa mwanafunzi; mstari wako utaonekana mzuri na wake utazidi kuonekana mbaya, na hakuna alichojifunza. Ukitaka kuonesha kitu, onesha pembezoni au kwenye karatasi nyingine.

Anza na jambo zuri la kweli, lenye mahali pake. "Kazi nzuri" haina mahali. Inaweza kuandikwa kwenye ukurasa wowote duniani, na mwanafunzi analijua hilo. Kisha taja tabia moja au mbili, si zaidi, hata kama umeona nane. Kila moja iwe na sehemu tatu: nilichokiona na ukurasa wake, mkono ulifanya nini, ufanye nini sasa. Malizia na kazi yenye idadi. "Fanya mazoezi zaidi" ni ndugu yake "Rudia".

Yule binti nilimwandikia hivi, nyuma ya ukurasa wa 11:

"Mistari ya ukurasa wa 9 ni laini kuliko ya ukurasa wa 2, mtetemeko umekwisha, usirudi kwenye mwendo wa taratibu. Ukurasa wa 4 na wa 7: mistari ya kulala imevimba juu kwa sababu kifundo ndicho kinachozunguka. Geuza karatasi kila mstari na unyanyue kiwiko. Ukurasa wa 8: maduaradufu yamevimba kulia, unakimbia unapopanda. Zungusha mkono hewani mara nne, kasi moja, ndipo ushuke. Kazi: kurasa 2 za mistari ya nukta mbili, ukurasa 1 wa maduaradufu, kisha kunja sita uzipime kwenye mwanga. Masanduku usiyaguse kwa sasa."

Masanduku yake yalikuwa na makosa. Sikuyataja kwa kuwa mengi ni ya mistari. Mistari ikinyooka, nusu ya makosa hayo itaondoka bila kuambiwa.

Kuhusu kurudia kurasa zote upya: sipendi. Mtu akirudia ukurasa mzima mara tano anachoka, na mkono uliochoka unarudi kwenye tabia yake ya zamani. Zoezi lililokwisha kueleweka huhamia kwenye kupasha mkono moto, dakika 10 au 15 kwa siku, mawili matatu ya kubahatisha kabla ya kuchora kitu kingine. Na hicho kitu kingine kiwepo. Nusu ya muda wake achore anachokitaka mwenyewe: ngalawa, paka wa mtaani, bibi yake akisuka ukili. Hivyo usivisahihishe asipokuomba.

Hatua ya nane: tarehe na mahali pa kuweka

Kila ukurasa uandikwe tarehe pembeni, na maoni yako yawe nyuma ya ukurasa unaohusika au kwenye karatasi iliyobanwa pamoja. Zikae ndani ya faili moja, kwa mpangilio, mahali pakavu, mbali na jiko. Kila baada ya wiki nne zitoe mzitandaze tena barazani.

Binti aliponiuliza kurasa zangu za mwanzo ziko wapi, nilimwambia ukweli: mama yangu alikuwa akiuza karanga.